Mtu wa Mawe Hajui Kuogelea

Kumpa nguvu ni kazi ya nusu saa.
Namwambia Masanyiwa, "Mchoree mabega,"
naye anachora mabega mapana kama mlango wa ghala la pamba,
anamfunga kanga ya mama yake shingoni
maana joho hatujui linashonwaje,
na ukurasa wa kwanza umekwisha: mtu anainua lori la dagaa
kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika muhindi wa kuchoma.
Tulicheka sana siku ile, kule Makoroboi,
nyuma ya duka la kutoa kopi.
Tukamwita Jabali.

Mchana ni karani wa mizani Mwaloni, Kirumba.
Jina lake Lugoye. Miwani imefungwa uzi.
Wachuuzi wanampunja mbele ya macho yake, naye anaandika tu.
Hapo ndipo mkono wangu huanza kuwasha.
Siyo kwenye ngumi. Ngumi huisha.
Ni pale Nyamizi wa chai anapomwambia,
"Lugoye, wewe nawe umezidi upole,"
na chini ya shati, vifungo viwili tu,
kuna mlima.
Anameza chai. Inamuunguza. Hasemi.
Kikombe hicho ningekiandika kurasa kumi.

Masanyiwa akauliza, "Na udhaifu?
Asiyeshindwa na kitu hana hadithi, ana tangazo la sabuni."
Nikajibu upesi mno,
kama niliyekuwa nangoja miaka kuulizwa:
"Maji. Akiingia ziwani anazama."
Akaweka kalamu chini. Kwao ni Ukerewe. Hakuendelea.

Kwetu iko picha ukutani, ya dada yangu Minza:
sare ya shule, soksi moja imeshuka.
Mtumbwi wa injini, saa kumi jioni,
gugumaji limekaba pangaboi.
Ufukweni walisimama watu. Wengi. Wenye mabega.
Mimi ni mtunzi, naweza kudanganya mambo mengi;
hilo sikuweza. Hakuna aliyeshuka kutoka angani.

Basi matoleo sita Jabali aliokoa nchi kavu.
Alilidaka jiwe lililotaka kushuka Mabatini usiku wa mvua,
akasimama nalo mpaka kukakucha,
watoto wakatoka wakipiga mswaki,
wakaenda shule, wakamwacha hapo
wakidhani naye ni sehemu ya kilima.
(Hicho ndicho kisanduku ninachokipenda kuliko vyote.
Masanyiwa anasema hakina vita, hakiuzi.)
Na kila toleo, pembeni, ziwa.
Nilimwomba aliache jeupe.

Kisha akaja Holo, miaka tisa, kutoka Butimba,
ana sarafu mbili na toleo la nne limetoka jalada.
"Kwa nini hajifunzi kuogelea?"
Nikamweleza kanuni: nguvu lazima iwe na bei,
shujaa bila mpaka ni upepo,
nikaeleza vizuri, nikajisikia mwalimu.
Akanitazama kama anayesubiri chenji yake.
"Basi si atembee chini?"

Toleo la saba.
Lugoye anavua miwani, anampa Nyamizi amshikie,
hivyo tu ndivyo siri ya miaka inavyokwisha,
na Nyamizi anaifuta kwa pindo la nguo, hajui afanye nini kingine.
Magoti. Kifua. Kanga inaelea kidogo, inamfuata.
Chini kuna nyavu zilizosahauliwa, sangara wanampisha,
kuna kiatu ambacho sikukiagiza,
Masanyiwa alikichora mwenyewe.
Anatembea. Juu yake kivuli cha mtumbwi.
Ananyoosha mikono.

Pumzi atazipata wapi? Sijui.
Nimeandika namna tatu, nimechana tatu.
Kisanduku cha mwisho ni mapovu matupu,
na wino mweusi ulikuwa unakata.
"Mapovu mangapi?" akaniuliza.
Nikahesabu kimya, kama nilivyohesabu siku ile
nikiwa juu ya mwamba, miaka saba, nikakoma kwenye arobaini.
"Chora mpaka wino uishe," nikasema.

Na chini, pembe ya kulia,
neno ambalo ziwa halikutupa jioni ile
niliandika kwa mkono wangu, herufi ndogo:
itaendelea.